Maboksi ya Mkaguzi

Mwaka ule mipaka ya Australia ilipofungwa na hata raia wenyewe wakakwama nje, wakilia kwenye televisheni, mimi nilikuwa nakaa nyumbani kwangu Toongabbie, magharibi ya Sydney, kila siku ya kazi, nimevaa blauzi ya kola, nywele nimezichana, namsubiri mkaguzi kutoka Marekani. Hakukuwa na ndege. Hakukuwa na mgeni. Lakini sheria ya Marekani ilisema mkaguzi anaweza kuja wakati wowote wa saa za kazi, bila taarifa, na amkute mtunza kumbukumbu. Mtunza kumbukumbu nilikuwa mimi. Basi nikasubiri. Mpaka leo hajaja.

Kumbukumbu zenyewe zilikuwa za kampuni ya filamu za watu wazima. Nimelisema haraka ili lipite.

Kazi niliipata kupitia wakala wa ajira wa Parramatta. Kabla ya hapo nilikuwa nahudumia wazee, nawainua, nawageuza, nawaogesha, mpaka mgongo ukagoma. Nikasomea cheti cha kazi za ofisi, na wakala akanipeleka Seven Hills, kwenye maghala, kwa kampuni iliyojiita ya video. Bosi alikuwa mwanamke wa Kizungu wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba, sauti yake ya mwalimu wa chekechea. Alinikalisha, akanieleza bila kuzunguka wanachotengeneza, akauliza kama nina tatizo nacho. Nikamuuliza kama nitalazimika kutazama. Akasema hapana, mimi nitatazama vitambulisho tu. Nikasema sina tatizo. Nilikuwa nalo, tena kubwa, ila la mgongo lilikuwa kubwa zaidi.

Filamu nyingi ziliuzwa Marekani, na huko kuna sheria isiyo na mchezo. Kila anayeonekana katika filamu ya namna ile, mtengenezaji lazima ahakikishe kwa kitambulisho cha serikali kwamba ni mtu mzima, abaki na nakala ya kitambulisho hicho, aandike jina lake halisi na kila jina jingine alilowahi kutumia, la ndoa, la utani, la usanii, pamoja na siku filamu ilipopigwa. Mafaili yapangwe hivi kwamba ukitafuta kwa jina lolote kati ya hayo, unampata. Yasichanganywe na karatasi nyingine za biashara. Na ndani ya filamu yenyewe pawe na maandishi yanayosema mafaili yako wapi na anayatunza nani, tena anwani ya mtaa, si sanduku la posta. Sheria ile sikuwahi kuidharau. Iliwekwa ili mtoto asije akaingizwa kwenye mambo hayo, kisha mtu akajitetea kwamba hakujua. Kilichonichosha mimi ni huko kujua. Unakaa na mafaili yale mwaka hadi mwaka, unamjua kila mtu kwa majina yake yote, na huna wa kumwambia.

Na suala la tarehe za kuzaliwa kwetu lina vichekesho vyake. Bosi alipotoa nakala ya pasipoti yangu aliniambia nina bahati, nimezaliwa siku ya mwaka mpya. Nikamwambia mume wangu naye kazaliwa siku hiyohiyo, na shemeji, na mchungaji, na karibu nusu ya kwaya. Kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, afisa alikuuliza umezaliwa lini, mama yako akajibu mwaka ule wa mvua nyingi, wakati wa kupalilia, na afisa akaandika Januari mosi maana foleni ilikuwa ndefu. Kanisani kwetu keki moja inatutosha wote. Bosi alicheka, halafu akaacha kucheka, akauliza sasa umri wa mtu kama mimi unathibitishwaje. Nikamwambia haujathibitishwa, umekubaliwa tu. Siku hiyo tukaafikiana kwamba mtu mwenye Januari mosi ya kambini, kama uso wake hauonyeshi kwamba utoto umempita kitambo, hatumpokei hata kama sheria inamruhusu. Bosi alishika neno lake. Hilo lazima nimpe.

Nyumbani nilisema nafanya kazi ya mafaili ya video. Mume wangu, ambaye anaendesha foklifti, alielewa ni video za harusi. Sikumsahihisha, naye hakuuliza zaidi, maana mafaili hayana utamu wa kuulizia.

Korona ilipoingia, bosi alirudisha ghala kwa wenyewe. Waigizaji walianza kujirekodi makwao na kutuma kwa mtandao, kwa hiyo studio ya nini tena. Lakini maboksi ya mafaili yalihitaji paa na anwani, na yeye alikuwa anaishi ghorofani na mbwa wawili. Akanipigia simu kwa sauti ileile ya chekechea, akauliza kama gereji yangu ina nafasi.

Ilikuwa nayo. Gereji yetu haikuwahi kuona gari. Kabla ya korona ilikuwa ndicho chumba chetu cha maombi cha katikati ya wiki, ina mkeka, viti vya plastiki vya kupandanisha na ngoma moja. Sasa maombi yalikuwa ya simuni, kila mmoja ndani ya kidirisha chake, na viti vilikuwa vinakusanya vumbi. Mume wangu akayapanga maboksi kwa ustadi wa kazini kwake, akayafunika turubai. Kuanzia hapo kila filamu mpya ya kampuni ilitoka na jina langu na mtaa wangu. Sikuwahi kuyaona maneno hayo kwenye kioo. Nilijifariji kwamba muumini yeyote atakayeyaona, itabidi kwanza aeleze ilikuwaje akayaona.

Hayo yote ningeyavumilia. Nilishavumilia makubwa zaidi. Lililonimaliza ni faili moja.

Lilikuja kwa barua pepe wakati ule wa kufungiwa kwa mara ya pili, ambapo sisi wa magharibi ya mji tulibanwa kuliko wengine, hatuvuki kilomita tano, helikopta juu, askari mitaani. Nilifungua nakala ya leseni ya udereva nikakuta Januari mosi. Nikasema, mwenzetu. Kisha nikatazama uso. Alikuwa binti wa rafiki yangu.

Rafiki yangu huyu ni Mkongo wa Uvira, anafanya kazi dobi katika nyumba ya wazee, na ndiye kiongozi wa maombi wa akina mama kanisani. Tulikutana wiki yake ya kwanza Sydney, anatafuta unga wa mhogo, nami nikampeleka dukani. Tangu hapo hatujaachana. Binti yake alikuja naye akiwa tayari mwanamke kamili. Leseni ilimpa miaka thelathini na kidogo, na kwa hesabu ya mama yake alikuwa na zaidi ya hiyo. Aliolewa hapahapa na kijana wa kwaya, mwenye sauti nzuri na mkono mwepesi. Alipomkimbia mume, akaja kwa mama yake na jino limelegea, na mama yake akamwambia ndoa ni msalaba, rudi kwako, usikanyage hapa bila mumeo. Akaondoka. Akabadilisha namba ya simu. Tangu siku ile mama yake hakumwona wala kumsikia.

Simu yangu iliita alasiri hiyohiyo. Fomu wanayotia sahihi ina jina la mtunza kumbukumbu chini, na yeye alikuwa amelisoma.

"Tantine," aliniita, kama Wakongo wanavyomwita shangazi au mama mdogo. "Ni wewe huyu kwenye form?"

"Ni mimi."

"Oh my God. Una kazi hii tangu lini?"

"Muda mrefu kuliko wewe."

Alicheka, na mimi nikajikuta nacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, cha watu wawili waliokutana mahali ambapo kila mmoja alidhani yuko peke yake. Aliniambia hoteli alikokuwa anatandika vitanda ilifungwa, kwamba anajirekodi mwenyewe, yuko peke yake, hakuna anayemgusa. "Hakuna anayenigusa, tantine," alirudia, na nilielewa kwa nini hilo lilikuwa muhimu kwake.

"Mama yako anakulilia," nikasema.

"Mama alisema nisikanyage. Sijakanyaga."

"Anadhani umekufa."

"Please. Usimwambie uliniona wapi. Ukimwambia niko mzima atauliza umejuaje, na wewe hujui kudanganya. Niahidi."

Nikamwahidi. Kwanza nilikuwa nimefungwa na mkataba, mambo ya mafaili hayatoki nje. Pili alikuwa amesema kweli, sijui kudanganya. Ninachojua ni kunyamaza tu, na watu huwa wanachanganya hivyo viwili.

Basi kila Jumapili rafiki yangu alikuwa anatokea kwenye kidirisha chake, kitambaa kichwani, nyuma yake pazia la maua, na baada ya kuwaombea wagonjwa wote anaomba kanisa limwombee na yeye. "Bwana, kama korona ilimuchukua mutoto wangu, unionyeshe hata kaburi." Na mimi kwenye kidirisha changu naitikia amina, na sahihi ya mtoto huyo, yenye tarehe ya Alhamisi iliyopita, iko gerejini chini ya turubai, ukuta mmoja tu kutoka nilipokaa. Nilizoea kuzima kamera mapema nikisingizia mtandao. Nilianza kumchukia bosi, mkaguzi, Wamarekani, mume mwenye sauti nzuri, hata rafiki yangu mwenyewe kwa kulia kwake. Nilichoka hadi mifupa. Kila faili jipya la binti yule lilipoingia nilishukuru Mungu kwamba yuko hai, kisha nikajiuliza nashukuru kwa kitu gani hasa.

Masharti yalipoanza kulegezwa mwishoni mwa mwaka, watu wamechanjwa na wageni wanaruhusiwa tena majumbani, simu ikaja kutoka Kigoma. Mama mkubwa aliyenilea amefariki.

Kwetu mfiwa hafanyi kazi. Anatandikiwa godoro chini, sebuleni, anakaa hapo na kanga mabegani, na wenzake wanaichukua nyumba. Wanapika, wanafagia, wanaosha, wanapokea wageni, wanahamisha samani wanavyoona. Ukijaribu kuinuka kuchukua hata kijiko unarudishwa chini, maana ni aibu kwao. Desturi hiyo ni nzuri. Miaka miwili tulikuwa tumefiwa kila mtu peke yake mbele ya simu, na asubuhi ile akina mama walipoingia kwangu na masufuria yao, na barakoa zimeshushwa kidevuni, nililia kwa uchungu na kwa raha pamoja.

Halafu nikasikia mlango wa gereji unapandishwa. Mlango ule una mlio wake wa mabati.

"Wanafanya nini gerejini?" nikauliza.

"Sebule haitoshi, mama," akasema aliyenishika bega. "Tunaweka viti huko."

Nikamwita mume wangu. Akachungulia mlangoni, jasho usoni, mwenye furaha ya mwanaume aliyepewa kitu cha kubeba. "Usiwe na wasiwasi," akasema. "Tunasogeza tu mafaili ya harusi."

Viti havikutosha. Naye akaona maboksi ni imara, yana urefu wa kiti, akayapanga mstari kando ya ukuta, akatandika kanga juu. Wageni wakakaa. Gereji na sebule vinaungana kwa mlango mdogo, na kutoka pale godoroni nilikuwa naona migongo ya waombolezaji wamekalia majina ya watu. Nilijiambia yatapita. Wataimba, watakula wali na maharage na ndagala, dagaa wa kwetu, wataondoka. Ndipo mke wa mchungaji, ambaye Mungu amemjalia mwili, akaketi.

Boksi lilipasuka taratibu, ubavu mmoja, na yeye akateremka nalo kwa heshima zote. Wakamwinua. Karatasi zilikuwa zimemwagika hadi kwenye mkeka, na akina mama wakaanza kuziokota na kuzipanga, na kama mtu yeyote anayeokota karatasi, wakazitazama.

Sasa, kwa watu wengine sanduku lililojaa nakala za pasipoti, leseni, nyuso na fomu zenye sahihi lingeweza kuwa jambo lolote. Kwa watu wetu ni jambo moja tu. Hakuna nyumba kati yetu isiyo na bahasha kama hiyo: dada aliyebaki kambini, mtoto wa marehemu kaka, mkwe anayengoja jibu la viza. Walitazama, wakatazamana, na mke wa mchungaji akaja hadi godoroni, akapiga magoti pamoja na uzito wake, akanishika mikono.

"Kumbe unasaidia watu viza," akasema, machozi yakimlengalenga. "Kimya kimya namna hii! Na hujasema hata siku moja."

Sikusema na siku hiyo pia.

"Tena hachagui taifa," mwingine akasema kutoka gerejini. "Kuna Wathai huku. Kuna Wabrazili. Hata Wazungu wamo!"

"Wazungu viza ya nini?"

"Labda ni wa New Zealand, wamekwama na mipaka."

Wakalikubali hilo. Na kwa kuwa ni watu wa maombi, na msiba ni mahali pa maombi, hawakuweza kuyarudisha majina yale kwenye boksi hivihivi. Kanisani tuna utaratibu wetu kwa wanaongoja viza: kiongozi anasoma jina, na wote wanaitikia "Mlango ufunguke." Wakamwita kiongozi wao avae miwani. Rafiki yangu akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kitenge, akapokea rundo.

Alisoma vizuri, kwa sauti yake nzito, akiyavunja majina ya Kithai na ya Kiingereza kiasi kwamba hata wenye majina wasingeitika. Mlango ufunguke. Mlango ufunguke. Watu ambao kazi yao isingetajwa mle ndani hata kwa kunong'ona waliombewa siku ile kwa jina, mmoja mmoja, na waumini waliofumba macho. Kwa kitambo kidogo, nisiseme uongo, nilitamani waendelee. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kuwaombea hivyo. Lakini nilijua nani yuko ndani ya boksi lile, na rundo lilikuwa linapungua.

"Huyu ni wetu!" akapaza sauti mama mmoja aliyekuwa bado anaokota. "Angalieni, Januari mosi!" Watu wakacheka, na yeye akampa rafiki yangu karatasi bila kusoma jina.

Nikasimama. Mikono miwili ikanirudisha chini. "Kaa, mama. Leo si siku yako ya kusimama." Nikavuta, wakashika zaidi, wakidhani ni uchungu wa marehemu umenipanda.

Rafiki yangu aliitazama karatasi. Watu wakangoja jina. Akasafisha koo, akaichukua iliyofuata, akasoma jina la Mthai. Mlango ufunguke. Sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini aliyafikisha majina yote mwisho na kufunga kwa sala. Niliuona mkono wake wa kushoto ukiingia chini ya kitenge na kutoka mtupu. Hakunitazama. Kabla chakula hakijapakuliwa alikuwa ameshaondoka, akisema kichwa kinamuuma.

Nilipopata nafasi ya kuingia gerejini nilipanga mafaili upya. Karatasi ya binti haikuwepo. Nakala nyingine ningechapisha wakati wowote, si hilo lililonitisha. Ile leseni ilikuwa na anwani. Ilikuwa ya Seven Hills, kituo kimoja cha treni kutoka kwetu. Miezi yote ile ya kilomita tano, ya kaburi na machozi, mtoto alikuwa ndani ya hizo kilomita tano.

Nilimpigia binti. Nilimweleza kila kitu, boksi, maombi, kitenge.

"Address iko hapo?"

"Ipo."

"Na yale majina mengine? Ya kazi?"

"Yapo. Lakini ni kwa Kiingereza, na fomu haisemi ni filamu za nini."

"Atampa mtu amsomee."

"Mama yako? Hawezi kumpa mtu."

"Tantine, akija na watu wa kanisa, nahama. I'm serious. Siwezi tena kusimamishwa katikati ya watu na kuombewa." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua: "Alisemaje alipoiona?"

"Hakusema kitu. Aliendelea kusoma."

Akakata simu. Siku zilizofuata nilikaa mezani pangu, blauzi ya kola, na kwa mara ya kwanza nilikuwa namsubiri mtu ambaye angeweza kweli kufika. Nilitunga maneno. Nilipanga kumwambia ni kazi ya ofisi, ni sensa, ni chanjo. Kila uongo niliujaribu kwa sauti jikoni, na kila mmoja ulitoka ukichechemea.

Alikuja alasiri, kutoka kazini, bado ananukia sabuni ya dobi. Alikataa chai. Akatoa karatasi kwenye mkoba, ameiweka ndani ya Biblia isikunjike, akaiweka mezani kati yetu.

"Dada, unisamehe. Niliiba kitu ya kazi yako."

"Si kitu."

"Iko kitu. Serikali wakikuja wanapashwa kukuta mutoto iko na karatasi yake sawa na wengine." Akaisukuma kwangu kwa kidole. "Irudishe mahali yake."

Nikaichukua. Nikafungua mdomo, na yeye akainua mkono.

"Usiniambie ni kazi gani. Najua kama si viza. Yeye iko raia, ana pasipoti ya hapa, viza ya nini? Lakini ukiniambia, nitakuwa nimejua, na mimi nikijua kitu siwezi kunyamaza. Unanijua. Nilijua alikimbia bwana wake, nikaongea, ukaona nilifika wapi." Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Ni mimi nilimufukuza, dada. Si korona."

Nikamshika mkono, ulikuwa umekauka kwa sabuni.

"Nilienda," akasema. "Jana. Nilishuka pale Seven Hills, nikaonyesha watu ile anwani, wakanielekeza. Iko nyumba ndogo, nyuma ya nyumba ingine. Nikasimama upande ingine ya barabara, kwenye kituo ya bisi, nikajifanya nangojea. Barakoa mpaka hapa, kofia. Nilikuwa nimesema nitagonga. Dada, miguu ilikataa. Nitagonga niseme nini? Nilimwambia asikanyage kwangu, sasa mimi nakanyaga kwake?"

"Ukamwona?"

"Nilimuona na macho yangu." Uso wake ukafunguka kidogo. "Alitoka na sapatu za nyumba, anasukuma pipa ya takataka. Amenenepa kidogo, amesuka. Jino walimtengenezea, nafikiri, sikuona vizuri. Akaweka pipa barabarani, akarudi ndani. Nikasema asante Mungu, imetosha. Kumbe akatoka tena, akarudisha pipa ndani. Halafu akatoka nayo tena! Pole pole, anasimama, anapanguza kifuniko na mukono. Nikasema huyu mutoto ana mawazo mingi, hata siku ya takataka hajui." Akatikisa kichwa. "Bisi ikafika, nikapanda. Haikuwa hata ya kwenda kwetu."

Alikunywa chai baadaye, vikombe viwili. Hakuuliza lolote juu ya maboksi. Alipoondoka niliirudisha karatasi kwenye faili, nikafunga boksi kwa utepe mpana, nikakaa juu yake. Kisha nikampigia binti. Ahadi yangu ilikuwa ya kumficha yeye kwa mama yake, si ya kumficha mama yake kwake.

Nikamwambia mama yake hatakuja na watu. Nikamwambia amerudisha karatasi na hataki kujua. Nikamwambia alifika, alisimama kwenye kituo cha basi ng'ambo ya barabara, akashindwa kugonga.

"Najua," akasema.

"Unajuaje?"

"Tantine, mimi mama yangu nitamjua hata umvishe gunia. Nilimwona dirishani. Alisimama pale mabasi mangapi yanapita hapandi." Nilisikia anavuta pumzi. "Niliwaza nikivuka barabara atakimbia. Au mimi nitakimbia. So nikatoa bin ya takataka. Halafu nikaona labda hajaniona vizuri, nikairudisha, nikaitoa tena."

Nje mume wangu alikuwa anapandanisha viti vya plastiki.

"Tantine, bado uko hapo?"

"Nipo."

"Siku yenyewe ya kutoa bin haikuwa jana," akasema. "Mwambie ni Jumatano jioni."